Straipa wa Mto Hudson hawagusi chambo: tatizo liko wapi?

Theluji ikishayeyuka kaskazini mwa New York, kingo za Mto Hudson hujaa watu wenye fimbo ndefu, ndoo na viti vya kukunja, na siku hizi si ajabu kusikia Kiswahili katikati yao. Wengi hurudi nyumbani mikono mitupu, na karibu kila mara lawama huangukia chambo. Kwa straipa, samaki anayeitwa striped bass kwa Kiingereza, katika mto huu, majira haya ya kuchipua, chambo ni jambo la tatu. Kabla yake kuna joto la maji, kisha mkondo. Baada ya chambo ndipo zije ndoana na mshipi. Ukikagua kwa mpangilio huo utaokoa pesa nyingi za minyoo.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Straipa ana mistari saba au minane myeusi ubavuni, kutoka kichwani hadi mkiani. Sehemu kubwa ya maisha yake ni ya baharini, pwani ya Atlantiki, lakini kutaga anataga kwenye maji yasiyo na chumvi. Hudson unamfaa kwa sababu kujaa na kupwa kwa bahari kunapanda mto hadi bwawa la Troy, karibu kilomita 245 kutoka ncha ya kusini ya Manhattan. Anayevua Newburgh, Poughkeepsie au Catskill yuko kwenye maji unayoweza kuyaonja bila kuhisi chumvi, na bado maji hayo yanafuata mwezi. Aliyezoea ziwa huchanganyikiwa hapo. Aliyekulia Pangani au Lamu ana nafuu, mradi akumbuke kwamba huku maji hupanda na kushuka mita moja hadi moja na nusu tu, si zile mita tatu na zaidi za kwetu wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu.

Mwanzo wa Aprili, hakuna anayegusa kabisa

Kaskazini ya daraja la George Washington, lililoko Manhattan, msimu hufunguliwa tarehe 1 Aprili, na watu huja siku hiyo hiyo. Maji hayana habari na tarehe. Wiki hiyo mto pale Poughkeepsie mara nyingi bado uko kwenye nyuzi 4 hadi 7 za Selsiasi, na katika baridi hiyo mwili wa straipa hauhitaji chakula kingi. Hata chambo kikimpita puani anaweza asifungue mdomo.

Usikisie joto kwa kugusa maji kwa mkono. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, lina kipimo chini kidogo ya Poughkeepsie kinachotoa joto la maji mtandaoni mchana na usiku, tena kwa Selsiasi. Upo pia mtandao wa vituo vya kupima maji uitwao HRECOS kando ya mto. Angalia mwelekeo wa siku kadhaa, usitazame namba ya leo peke yake. Nyuzi 9 zinazopanda ni bora kuliko nyuzi 11 zilizoshuka jana baada ya mvua ya baridi.

Mimi huisoma hivi. Chini ya nyuzi 7, kaa nyumbani au nenda kwa ajili ya kupunga hewa. Kati ya 7 na 10 wapo wanaokula, wengi wao wadogo, na wanataka minyoo ya baharini iliyolala chini bila kusogea. Kuanzia 10 hadi 13 heringi, samaki ambao straipa huwala, huanza kuingia mtoni kwa wingi na straipa wakubwa huja nyuma yao; hapo ndipo Aprili inapogeuka kuwa tamu. Kwenye 15 hadi 18, ambayo kwa kawaida huangukia Mei, wanataga. Wakiwa wanataga utawaona juu ya maji wakirusharusha mikia, majike yamezungukwa na madume, na hawataki chambo chako. Mto umejaa samaki na fimbo zimelala. Waache wamalize shughuli yao.

Kama siku yako ya mapumziko imeangukia kwenye maji baridi na huna nyingine, tafuta maji mafupi yenye tope jeusi chini. Tope hilo hunywa jua mchana kutwa. Maji yakianza kupwa alasiri, yanatoka pale na uvuguvugu wake na kumwagikia kwenye kina, na samaki husogea kwenye ukingo huo. Njia nyingine ni kushuka mto: Croton na Ghuba ya Haverstraw hupata samaki mapema kuliko sehemu za juu.

Sababu ya pili ya ukimya wa Aprili ni matope. Theluji ya milima ya Adirondack na maji ya Mto Mohawk, unaoingia karibu na Troy, hushuka kwa pamoja na kuufanya Hudson uwe na rangi ya chai ya maziwa. Chovya kitu cheupe. Kikipotea machoni kabla ya kufika kina cha kiganja, weka kando chambo bandia vyote, kwa kuwa hakuna atakayeviona. Tumia chambo chenye harufu, kilichokatwa na kutoa damu, na ukilaze karibu na ukingo, kwani samaki naye anakwepa nguvu ya maji ya katikati.

Joto ni zuri, heringi wamefika, na bado kimya

Hapa tatizo ni mkondo, na hapa ndipo watu wengi hupoteza siku zao nzuri kabisa.

Straipa hula maji yanapokwenda. Maji yakisimama hutawanyika na kuzurura. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama ulikuwa ukivua saa maji yanakwenda. Utajibu ndiyo, kwa sababu uliangalia jedwali. Jedwali la wapi? Simu nyingi hutoa saa za Battery, kule mwisho wa Manhattan. Wimbi la kujaa huchukua muda mrefu kupanda mto: kufika Poughkeepsie ni saa nne hivi au zaidi, na kufika Albany ni zaidi ya saa nane. Maji yakiwa yamejaa Manhattan, sehemu ya juu ya mto inaweza kuwa bado inapwa. Tafuta jedwali la kituo kilicho karibu na pale unapovua, au ujifunze tofauti ya saa ya mahali pako na uishike kichwani.

La pili ni gumu zaidi, na nimeona hata wavuvi wazoefu wa bahari likiwapiga chenga. Ufukweni tumezoea kwamba maji yakijaa, yanasimama, kisha yanageuka. Hudson hauendi hivyo. Maji yanaweza kufikia kimo chake cha juu kwenye nguzo za gati, yakaanza hata kushuka, na bado mkondo ukaendelea kupanda kuelekea Albany kwa muda mrefu. Kimo na mwendo ni vitu viwili. Jedwali la kawaida linakuambia kimo. Samaki anafuata mwendo. NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, hutoa jedwali la mikondo peke yake, na hilo ndilo la kufungua. Ukiwa papo hapo, tupa kijiti majini ukitazame, au angalia boya lililofungwa: linalala upande gani, na lina povu nyuma yake?

Ukishajua mwendo, vua saa mbili za kwanza za kupwa. Maji ya juu ya mto yakisaidiana na mkondo wa kupwa, heringi hukokotwa kutoka kwenye midomo ya vijito na kutoka kwenye maji mafupi, na straipa husubiri pale kina kinapoanza. Kujaa nako kuna samaki, hasa sehemu za chini ya mto, lakini kama una saa tatu tu za kuvua, nenda kwenye kupwa.

Angalia pia mwezi. Wakati wa bamvua mkondo ni mkali na chubwi, ule uzito wa kuzamisha chambo, haitulii, ila samaki wanatembea. Wakati wa maji mafu, yaani katikati ya bamvua mbili, mkondo ni mlegevu, na dirisha la kula hufupika sana, pengine nusu saa tu, hivyo ni lazima chambo kiwe majini kabla yake. Kuna jambo moja linaloharibu hesabu zote hizi: theluji ikiyeyuka kwa kasi, sehemu za juu za mto huweza kupita zamu nzima bila mkondo wa kupanda. Maji yanashuka tu, kwa kasi na kwa ulegevu kwa kupokezana. Siku hizo vua pale yanapolegea.

Mahali ni sehemu ya tatizo hili hili. Kutupa mbali kadiri ya nguvu zako hakusaidii kitu. Heringi husafiri kando, kwenye maji ya mita tatu hadi sita, na wanaowala huwafuata. Tafuta mdomo wa kijito, ncha ya ardhi inayokata mkondo, au ukingo wa mwamba wa chini. Pale Beacon, hatua chache kutoka stesheni ya treni, utaona mstari juu ya maji ambapo maji ya haraka yanagusana na maji ya taratibu. Chambo kiwe juu ya mstari huo.

Chambo kinarudi kimeliwa nusu, na fimbo inatetema tu

Huyo si straipa. Mtetemo mdogo wa haraka haraka ni wa samaki wadogo wanaokaa mto mzima mwezi wa Aprili, na minyoo ndiyo karamu yao. Mvuto wa taratibu unaosimama na kuanza tena mara nyingi ni wa kambare. Dawa ni kubadili chambo: toka kwenye minyoo, ingia kwenye kipande cha heringi, na kilicho bora ni kichwa pamoja na sehemu ya matumbo. Samaki mdogo hawezi kukimaliza, na harufu inatoka kwa muda mrefu. Hata hivyo badilisha kila nusu saa. Kipande kilichooshwa na maji hadi kikawa cheupe ni mapambo tu.

Heringi aliyegandishwa akilainika na kudondoka kwenye ndoana, mkatekate angali mgumu kidogo, nyunyiza chumvi ya mawe na umwache usiku mmoja kwenye jokofu. Nyama hukaza.

Kwa wanaovua heringi wenyewe: sheria ya Hudson inaruhusu heringi 10 kwa mtu kwa siku, kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni. Ukitaka wabaki hai, tanki liwe la duara na lenye pampu ya hewa, wala usiwarundike. Heringi kwenye ndoo ya pembe nne hujibanza kwenye kona, akapoteza magamba na kufa mapema. Na tafadhali chukua unaowahitaji tu. Jamii hii ya samaki imepungua sana. Shadi, ambaye ni ndugu yao mkubwa, uvuvi wake ulifungwa kabisa katika Hudson mwaka 2010.

Chambo hakitulii, kinasukumwa hadi kando

Ama chubwi ni nyepesi au takataka zimeng'ang'ania mshipi. Gramu 85 zinatosha maji yakiwa mlegevu. Mkondo ukikaza unaweza kuhitaji gramu 170 hadi 225. Chubwi bapa au ya piramidi hushika tope kuliko ya mviringo. Simamisha fimbo juu kadiri iwezekanavyo ili mshipi mfupi tu uwe ndani ya maji, maana ni mshipi unaosukumwa kuliko chubwi yenyewe. Majani na vijiti vya theluji iliyoyeyuka huja kwa wingi mwanzo wa kupwa, halafu hupungua.

Fimbo imepinda, nimevuta kwa nguvu, hakuna kitu

Umemnyang'anya chambo mdomoni. Kwa straipa na chambo cha asili, sheria inadai ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imeinamia ndani kuelekea shina na haikupindwa pembeni. Ndoana hii haifanyi kazi kwa kushtua. Samaki hufunga mdomo, anageuka kwenda zake, ndoana inateleza hadi kwenye pembe ya mdomo na hapo inajipindua na kujishika yenyewe. Ukishtua wakati haijafika pembeni, inatoka tupu.

Weka fimbo kwenye kishikio imara, breki ya rili ikiwa laini. Fimbo ikiinama, subiri iendelee kuinama. Kisha kaza breki, zungusha rili taratibu hadi usikie uzito, na uendelee kuzungusha. Mkono usiinuke. Kwa waliozoea mshipi wa mkono wa kwetu, ambapo ukisikia mguso unachapa papo hapo, hili ni zoezi la kuuzuia mwili.

Kama umefanya yote hayo na bado anatoka, chukua chambo chako ukiangalie kwa karibu. Je, ncha iko wazi? Kipande kinene kilichopenyezwa mara mbili au tatu huziba nafasi kati ya ncha na shina, na nafasi hiyo ndiyo inayoshika mdomo. Penyeza mara moja tu, juu kabisa ya kipande, ndoana ining'inie karibu yote nje. Kabla ya kupenyeza, kwangua magamba mahali hapo kwa kisu. Gamba moja la heringi, dogo kama ukucha wa mtoto, likichomwa na kubaki kwenye ncha, linaifunika, na ndoana inateleza mdomoni bila kuuma. Ukirudisha chambo na kukuta gamba limekaa pale, umepata jibu lako.

Mshipi unakatika

Straipa hana meno ya kukata. Mdomo wake ni mkwaruzo kama msasa. Kinachokata ni kingo za mifuniko ya matamvua, miamba, na nguzo za zamani za magati zilizozama. Weka kipande cha mshipi mzito, wa ratili 40 hadi 50, urefu wa nusu mita hadi mita moja, kati ya ndoana na mshipi mkuu. Kila baada ya samaki upitishe vidoleni. Ukihisi mkwaruzo, kata na ufunge upya. Mshipi ukikatika kwenye fundo na kuacha mkia uliojikunja, fundo liliteleza: lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza. Ukikatika ghafla samaki anapoondoka mbio, breki ilikuwa ngumu mno.

Samaki niliyemwachia anaelea tumbo juu

Wengi utakaopata itabidi uwaachie. Tangu 2024, kaskazini ya daraja la George Washington unaruhusiwa samaki mmoja kwa siku, wa inchi 23 hadi 28, yaani sentimita 58 hadi 71. Majike makubwa yaliyobeba mayai yako juu ya kipimo hicho, na ndiyo hasa yanayolindwa. Kanuni hubadilika, basi soma tangazo la idara ya mazingira ya jimbo kila mwaka kabla ya kuondoka nyumbani, na ujiandikishe kwenye daftari lao la wavuvi wa samaki wa baharini, ni bure.

Samaki akielea, tafuta sababu kati ya hizi: alipiganishwa muda mrefu kwa vifaa vyepesi, alikaa nje ya maji wakati simu inatafutwa, alining'inizwa kwa taya uzito wake wote ukavuta uti, au alimeza ndoana. Akiwa ameimeza, kata mshipi karibu na mdomo uiache humo. Kuichimbua kunamuua kwa uhakika zaidi. Mtoe ndoana akiwa bado majini ikiwezekana. Mshike mkia kwa mkono mmoja, mwingine chini ya tumbo, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, hadi auvute mkia wake mwenyewe. Maji yakipata joto mwishoni mwa Mei uwezekano wa kufa huongezeka, na kwenye maji yasiyo na chumvi yeye huchoka vibaya kuliko baharini. Wakati huo mimi huacha kabisa kuvua kwa ajili ya kuachia.

Nimepata wa kipimo. Je, aliwe?

Hili nalisema kwa wazazi kwanza. Viwanda vya General Electric huko Hudson Falls na Fort Edward vilimwaga kemikali za sumu za PCB mtoni kati ya miaka ya 1940 na 1977, na bado zimo kwenye tope na kwenye mafuta ya samaki. Idara ya afya ya jimbo inasema wanawake walio chini ya miaka 50 na watoto walio chini ya miaka 15 wasile samaki yeyote wa sehemu hii ya Hudson. Kwa wengine, straipa aliyevuliwa kusini ya daraja la Rip Van Winkle, pale Catskill, ni mlo mmoja kwa mwezi. Aliyevuliwa kaskazini yake asiliwe. Kuondoa ngozi, mafuta ya tumboni na nyama nyeusi ya ubavuni hupunguza PCB, lakini hakuziondoi. Supu ya kichwa tunayoipenda ndiyo inayokusanya mafuta yote sufuriani. Usimpelekee jirani mjamzito samaki huyu kama zawadi.

Nina mashua ndogo, naenda peke yangu

Tatizo lako ni maji yenyewe. Katika nyuzi 8 mikono hukataa kufanya kazi baada ya dakika chache. Sheria ya New York inataka kila aliye ndani ya chombo chenye urefu chini ya futi 21 awe amevaa jaketi okoa kuanzia 1 Novemba hadi 1 Mei. Livae Mei yote. Usitie nanga kwenye njia ya meli, maana tishari na meli za mizigo hupita usiku na mchana na haziwezi kukukwepa. Na kwa wanaovua nchi kavu ukingo wa mashariki: reli inapita kando kabisa ya maji, treni zinakuja kwa kasi na kwa ukimya. Vuka penye kivuko tu.

Wiki iliyopita walikuwa tele, leo hakuna hata mmoja

Kama ni mwanzo wa Juni, wameshataga na kuondoka. Mayai yao hayashiki chini; huelea na mkondo na kuanguliwa baada ya siku mbili au tatu. Wakubwa hushuka haraka, wakipita chini ya madaraja yote, kuelekea Long Island na pwani ya Massachusetts. Wanaobaki ni wadogo, na wanakula alfajiri na usiku. Ukiwafuata wakubwa kusini ya daraja la George Washington, hesabu inabadilika: huko msimu ni 15 Aprili hadi 15 Desemba na kipimo ni inchi 28 hadi 31, kwa hiyo samaki aliyekuwa halali Newburgh anaweza kuwa haramu Manhattan. Beba futi ya kupimia yenye alama zote mbili.